Ineza amewatupa viwavi wangu weusi

Leo nimesalitiwa na mtu ninayekaa naye dawati moja.

Mnawakumbuka viwavi wangu niliowatoa kwenye mizinga ya nyuki ya babu? Kopo la kwanza niliwachoma kwa sindano yenye maji ya ziwani, la pili kwa maji yaliyochemshwa. Wa maji ya ziwani wakageuka weusi. Weusi huo ni kinga waliyozaliwa nayo, ikipigana na bakteria. Ndiyo kazi yangu yote!

Nilimwachia Ineza makopo, rafiki yangu aliyekimbilia hapa kutoka Burundi. Akaniapia hatayafungua.

Majaji wa mashindano ya sayansi wakafungua. Weupe watupu.

"Binti, mbona hakuna tofauti?"

Nikamgeukia Ineza.

"Wabovu nimewatupa, nikaweka wazima. Wageni wangetucheka!"

Kila jioni anachambua dagaa na mama yake kwenye soko la samaki la Kibirizi. Huko kilichoharibika hakionyeshwi mteja.

Lakini aliniapia, jamani.

Nafasi ya kwenda mkoani imepotea.

Sasa hivi yuko mlangoni na kopo la viwavi wapya. Mkono umevimba kwa kuumwa na nyuki.

Kopo nimepokea. Yeye bado.

Ninyi mngemkaribisha ndani?