Fulana za Mungu Anatosha

Habari ya kambo ilimkuta mama kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali moja kule Woluwe. Akamaliza kukunja mashuka, akapanda metro, akafika nyumbani Ganshoren, hapa Brussels, akapika wali. Nikala wali wote.

Kambo ndiyo sisi watu wa Katanga tunavyomwita bibi. Wa kwangu alikuwa anaishi huko Kongo, mjini Likasi, na mimi ndiye niliyepewa jina lake, kwa hiyo mama huniita "maman" hata akiwa ananigombeza. Yaani mtu mwenye jina langu amekufa, na mimi nasikia njaa tu. Nilingoja kulia kama unavyongoja basi siku ya Jumapili mtaani kwetu. Halikuja, nikaacha kungoja.

Mama hakuweza kwenda matanga. Kadi yake ya ukaazi ilikuwa ofisini inabadilishwa, na ukitoka Ubelgiji bila kadi, kurudi ni bahati yako. Mimi nina pasipoti ya hapa, lakini hakuna anayempandisha ndege msichana wa shule akaangalie kaburi.

Ndipo parokia yetu ikatangaza misheni. Likizo ya Pasaka, kundi la waumini lingesafiri kwenda kupaka rangi nyumba ya uzazi na kufunga tangi la maji. Mahali penyewe: nje kidogo ya Likasi. Watu hawa nawajua. Ni wema kabisa, na kwao bomba likivuja humwita fundi. Walikuwa wanatafuta mkalimani wa Kiswahili.

"Utaenda wewe, maman," mama aliniambia huku anamenya vitunguu. "Mimi siko na papier. Utafika kwa kaburi, utatandika kitambala, utasema: mutoto wako alinituma. Njo basi, ni ile tu. Na usipeleke kule upuuzi yako."

"Na kambo akicheka?"

"Kambo hawezi cheka. Alikufa."

Akachukua kitunguu kingine. Macho yake yalikuwa yanatoka machozi, lakini ya vitunguu.

Kitambaa chenyewe alikwenda kukinunua Matonge, pale karibu na Chaussée d'Ixelles: kitenge cha bluu chenye ndege weupe. Kimechapwa Uholanzi, kimeuzwa Brussels, kiende kulala Likasi. Kilikuwa kimesafiri kuliko mama.

Mkutano ukafanyika kwenye ukumbi wa parokia. Mama alileta mikate ya kukaanga, akakaa nyuma karibu na mlango, kama anayetaka kuondoka wa kwanza. Mkuu wa msafara alikuwa shemasi, daktari wa meno aliyestaafu, ambaye hata akikusalimia macho yake yako kwenye magego yako. Kando yake alikaa mama mmoja Mtanzania, mke wa mtu wa ubalozi, aliyekuwa anawafundisha wenzake salamu. Nilimwambia "bonjour, maman." Yeye alikuwa anangoja shikamoo. Tukaangaliana.

"Una nani huko Likasi, mwanangu?" akaniuliza.

"Kambo. Lakini alikufa."

"Maskini, pole sana. Mama wa kambo naye ni mama." 

Nikamshukuru. Sikuwa na nguvu ya kumfufua kambo ili nimweleze kwamba kwetu si mke wa baba.

Kisha shemasi akafungua boksi na kuinua fulana ya misheni. Nyeupe, herufi kubwa za kijani kifuani: MUNGU ANATOSHA. Nilicheka, kicheko kikatoka puani pamoja na kahawa.

"Kuna nini?" shemasi akauliza kwa Kifaransa.

Nikaeleza. Kwetu Katanga, kutosha ni kuondoa. Unatosha viatu mlangoni. Unatosha takataka nje. Meno ya watu, papa shemasi, wewe umeyatosha maisha yako yote. Sasa mnaingia kwenye nyumba ya uzazi, wanawake wana uchungu, na vifuani mwenu mmeandika kwamba Mungu anaondoa.

Ukumbi ukacheka. Hata shemasi. Mtanzania hakucheka.

"Inamaanisha Mungu anatutosheleza," alisema taratibu. "Ni Kiswahili sanifu. Anachoongea binti ni cha kwao."

"Kwetu ndiko mnakoenda," nikasema.

Wakacheka tena. Ndiyo shida ya kuwa mchekeshaji: ukisema kitu cha kweli, wanakupigia makofi.

Nyuma, mama akasema, si kwa sauti kubwa: "Lakini njo vile. Alimutosha kambo."

"Maman amesema nini?" shemasi akaniuliza.

Mtanzania alikuwa amegeuka, anamtazama mama. Na mimi nilikuwa mkalimani, au karibu kuwa.

"Anasema fulana iko sawa," nikajibu.

Donc, basi, fulana zikabaki. Mimi pia nikabaki. Shemasi alinieleza kwa upole mkubwa, mkono begani, kwamba wagonjwa wanastahili Kiswahili cha kweli, na Mtanzania amekubali kwenda. Kwa hiyo waliwapelekea watu wa Likasi Kiswahili cha kweli, kwenye ndege, pamoja na miswaki.

Mama alikunja kitenge jinsi anavyokunja mashuka ya hospitali, pembe kwa pembe, akampa Mtanzania mkononi na namba ya simu ya wadogo zake. "Utatandika tu, maman. Utasema mutoto wake alikutuma." Yule akakipokea kwa mikono miwili.

Wiki ya Pasaka video ikaingia kwenye simu ya mama. Nilikuwa ndiyo kwanza nafika nyumbani, nikaitazama nimesimama jikoni, begani kwake. Udongo mwekundu, msalaba wa mbao. Mama zangu wadogo wamejipanga. Mtanzania, ndani ya fulana yake, anatandika kitenge na kukinyoosha vizuri, ndege wote juu.

"Mtoto wako amenituma," akasema. Kisha akawageukia wenye msiba. "Poleni jamani. Mungu anatosha."

"Anatosha, maman," wakajibu pamoja.

Mmoja akaongeza, anaitazama ile fulana: "Anatosha kweli. Mwaka ilipita alitosha mukubwa yetu, sasa alitosha na maman."

"Amina," Mtanzania akasema, na akamshika mkono.

Hakuna aliyemsahihisha mwenzake. Nilitafuta utani. Ulikuwa pale pale, umepikwa tayari, na sikuwa na njaa.

"Rudisha nyuma," mama akasema.

Nikarudisha. Tukaangalia tena, na tena, mpaka skrini ikazima yenyewe. Mama akaiweka simu mezani kifudifudi na kutazama chini, kwenye vigae alivyokuwa amevipiga deki asubuhi.

"Tosha viatu, maman," akasema. "Unachafua."

Nikavitosha.