Faili la Arobaini na Moja

Mdogo wangu alivuka mpaka kwa miguu kutoka Nakonde, begi moja mgongoni, uso mkavu kama mtu ambaye hakukesha kwenye basi la Kitwe. Mimi niliyelala kitandani kwangu ndiye niliyekuwa na macho mekundu. "Shikamoo dada," akaniamkia kwa adabu zote, na kabla sijamaliza marahaba yangu wanawake wawili wauza mchele wakamwita kwa jina na kumuuliza habari za safari. Mtu hajaonekana Tunduma tangu tulipomzika baba, mwaka mzima, na bado anajulikana. Mimi nimewafundisha hesabu watoto wa hao wanawake, na huniita "mwalimu" tu.

Alikuja kwa mambo mawili. La kwanza lilikuwa kusimika msalaba kwenye kaburi la baba, Jumamosi iliyokuwa inakuja. La pili lilikuwa kompyuta yangu, na hilo nililazimika kumwomba mwenyewe kwa simu, nikalia kidogo nikiwa naomba, jambo ambalo sikumsamehe.

Lazima niseme habari ya jina, maana bila hiyo nitaonekana mwovu zaidi ya nilivyo. Mimi nilipozaliwa, bibi mzaa baba alikuwa hai na jina lake alikuwa analitumia mwenyewe. Alifariki nikiwa na miaka sita, na mwezi uliofuata akazaliwa mdogo wangu, akapewa jina la marehemu. Tangu siku hiyo baba hakumwita mtoto. Alimwita mama. Si ule "mama" ambao baba yeyote humwita binti yake akimbembeleza. Alimaanisha mama yake. Akiingia ndani, baba alimpisha kiti. Kuku akichinjwa, firigisi ya baba ilikatwa vipande viwili, kimoja chake na kimoja cha "mama", naye hata meno ya kuitafunia yalikuwa hayajakamilika. Nilikuwa na miaka minane, nimekaa upande wa pili wa sinia, naangalia kisu kinavyopita katikati. Watu husema wivu ni jambo la wapenzi. Mimi wa kwangu niliuanza na firigisi ya kuku.

Alikua, akaolewa Kitwe, akapata kazi ya kushughulikia kompyuta katika ofisi moja huko. Mimi nikabaki. Baba alipoanza kuumwa nikamchukua kutoka kwake huko Momba, karibu na Chitete, nikamleta kwangu Tunduma, akakaa chumba cha mbele miaka minne. Nilimkorogea uji wa ulezi asubuhi kabla ya kwenda shule, nilimwogesha, nilimkata kucha. Alinishukuru, sisemi hakunishukuru. Lakini kila malori yakinyamaza kidogo kwenye foleni ya mpakani, aliinua kichwa na kuuliza, "Mama amepiga simu?"

Ndipo nilipopata wazo la kumrekodi. Baba alijua nani alimuoa nani pande zote mbili za mpaka, ukoo gani ulihama lini na kwa ugomvi gani, na nyimbo za kupuria ulezi ambazo wajukuu wake hawakuwa wamezisikia. Nilikaa naye jioni baada ya kusahihisha madaftari, simu katikati yetu, anaongea Kinamwanga chake cha zamani huku malori yanapiga honi nyuma. Simu ikijaa, nahamishia kwenye kompyuta, ile kubwa niliyoinunua ikiwa imetumika, ninayoifunika kwa kitambaa cha kufuma pale sebuleni. Rekodi arobaini. Zilikuwa zangu. Katika maisha yangu yote ndicho kitu pekee cha baba ambacho sikugawana na mtu.

Halafu kukawa na ya arobaini na moja. Siku hiyo baba aliniambia niweke simu kitandani nitoke nje. "Nipishe, niongee na mama." Kwenye simu ya kawaida masikio yake hayakuwa yanashika tena, kwa hiyo alitaka nimrekodi, kisha nimtumie. Nikatoka. Nikasimama uani karibu na karo la kuoshea vyombo dakika kumi na moja nzima, mikono imekunjwa, nimefukuzwa ndani ya nyumba yangu. Aliponiita nikachukua simu, na usiniulize kwa nini nilisikiliza. Nilisikiliza dakika moja. Baba alisema, "Mama, njoo unione. Usingoje kuambiwa. Hapa wananitunza vizuri, lakini nyumba haina mtu."

Nikaizima hapo hapo. Nyumba haina mtu. Mimi niliyekuwa nimeshika simu hiyo kwa mkono unaonuka sabuni yake, nilikuwa nani?

Sikuituma. Niliihamishia kwenye kompyuta na kuificha. Kuficha faili nilifundishwa na mwalimu mwenzangu, ili wanangu wasione maswali ya mtihani. Unabofya mahali pawili tu, na kitu kinapotea machoni ingawa kipo. Baba aliponiuliza nikamwambia nimeshatuma. Mdogo wangu alipopiga nikamwambia baba amelala. Nilikusudia kuituma wiki ile ile, hasira ikishashuka. Hasira yangu ni ya polepole, na baba hakuingoja. Msibani mdogo wangu alinivuta pembeni, kanga imemlowa, akauliza, "Hakuniachia neno, dada?" Nikamjibu kwamba alikuwa amechoka sana.

Kwa hiyo hayo ndiyo yaliyokuwa ndani ya kompyuta siku ilipougua.

Baba mdogo, ndugu yake baba, ndiye aliyeagiza kwamba siku ya msalaba sauti ya kaka yake isikike makaburini. Niliona fahari, maana sauti anayo nani? Nikaenda na flashi yangu steshenari kuchapisha ratiba ya ibada, nikarudi nayo nyumbani, nikaichomeka. Kesho yake asubuhi kila rekodi ilikuwa imegeuka kitu chepesi chenye kamshale kadogo kwenye kona. Nikibofya, kompyuta inanguruma kidogo kisha kimya. Nikamwita fundi wa pale steshenari. Akatazama kama daktari mwenye haraka, akasema, "Virusi vimetambaa hadi ndani, mwalimu. Hapa ni kupiga window tu." Nikamuuliza rekodi zitabaki? Akasema kupiga window ni kuanza upya. Nikamshukuru nikaifunika kompyuta na kitambaa chake, nikakaa mbele yake kama niko tena msibani. Hapo ndipo nilipompigia mdogo wangu.

Alikunywa chai kwa viazi vitamu, akanawa, akakaa. Hakuomba hata mto wa kiti. Nilivuta stuli nikakaa nyuma ya bega lake, na nilichokiona kiliniuma kuliko nilivyotarajia, kwa sababu alikuwa anajua. Vidole havikuuliza uliza. Alieleza huku anafanya, bila majivuno, na mtu asiye na majivuno huwezi hata kumsema vibaya vizuri.

"Mafaili hayajafutika, dada. Virusi vimeyaficha, vikaweka vivuli mahali pake. Hivi vyenye mshale ni vivuli. Ukibofya kivuli, unaviamsha upya."

"Kwa hiyo kila nilipobofya nilikuwa navisaidia."

"Kila mtu anafanya hivyo," akasema, na nikachukia kuwa kila mtu.

Kwanza aliisaka programu iliyokuwa ikijiwasha kila kompyuta inapowaka, akaizima, akaifuta. Alisema ukianza kufichua mafaili kabla ya kuiua hiyo, itayaficha tena unaangalia. Kisha akachukua flashi yangu na kuisafisha pia, akanionya nisiipeleke tena steshenari ikiwa na kitu ninachokipenda. "Ukinakili kitu, kinabaki kote kuwili. Ukikikata na kukibandika, kinahama, ulikokitoa hakipo. Kule peleka nakala." Nikaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi wa nyuma. Mtu niliyemfundisha kuandika a, e, i, o, u kwa kijiti kwenye vumbi.

Sikuwa na hofu ya faili langu. Nilidhani kilichofichwa na mimi ni changu na kilichofichwa na virusi ni cha virusi. Kusema kweli, sehemu fulani ya moyo wangu ilikuwa imeshatumaini virusi vimelila.

Akafungua dirisha jeusi lisilo na picha, akaandika mstari mmoja mfupi wa kufichua kila kilichofichwa, akabonyeza. Mafaili yakarudi moja moja, ukurasa mzima, kama kuku wanaotoka bandani. Nilitokwa machozi, ya kweli. Akabofya moja, na sauti ya baba ikaingia sebuleni ikitaja majina ya watu waliokufa, malori yakipiga honi nyuma yake na mengine yakipiga honi barabarani wakati huo huo. Mdogo wangu aliweka kiganja juu ya meza na kukiacha hapo.

Halafu akaanza kufuta vivuli. Alivihesabu kwanza, tabia yake tangu utotoni. Vivuli arobaini. Akahesabu mafaili. Akahesabu tena kwa ncha ya kalamu.

"Ni arobaini na moja," akasema.

Nikaisogeza stuli yangu nyuma kidogo.

"Dada, hili hapa la mwisho nani alilificha?"

"Si ni virusi hivyo hivyo?"

"Virusi vikificha vinaacha kivuli. Hili halina."

Hakuniangalia. Akabofya. Baba akasema, Mama, njoo unione. Usingoje kuambiwa. Hapa wananitunza vizuri. Mdogo wangu akanyoosha mkono kwenye begi, akatoa visikilizio vyake, akavichomeka, na sauti ikakatika sebuleni kabla ya lile neno la nyumba. Akasikiliza hadi mwisho. Mimi nilikaa nyuma ya bega lake kwenye stuli, nikitazama mstari mdogo unavyotembea chini ya skrini, dakika kumi zilizobaki ambazo hata mimi sikuwahi kuzisikia. Mahali fulani karibu na mwisho alicheka kidogo, kwa pua, kama mtu anayechekeshwa na jambo la nyumbani. Nilitamani kumpokonya kile kitu masikioni.

Alipovitoa akauliza, "Baada ya siku hii alikaa siku ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na basi la Kitwe ni siku moja na nusu."

"Najua."

"Unajua," akasema.

Nilimwambia yote hapo hapo, firigisi ikiwemo, na nilipoitaja nilisikia ilivyokuwa ndogo. Sikuomba msamaha vizuri. Niliomba huku najitetea, yaani hata kosa nililitaka liwe na sehemu yangu nzuri. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama maji ya kuoga yapo, akaenda kuoga. Alipotoka alirudi kwenye kompyuta akaimalizia kazi peke yake, nami nikasonga ugali. Tulikula. Alinisifia mboga ya maboga, na ilikuwa nzuri kweli.

Jumamosi tulishuka Momba kwa gari la kukodi, na barabara ya Chitete ikatutikisa hadi mifupa. Watu walikuwa wengi, ndugu wa Tanzania na ndugu wa Zambia. Mchungaji akaweka wakfu msalaba, kwaya ikaimba, kisha mdogo wangu akachomeka flashi kwenye spika na baba akaongea juu ya kaburi lake mwenyewe. Ulipofika wimbo wa kupuria ulezi, bibi mmoja akaudaka akaimba naye.

Baba mdogo alisimama kushukuru. Alimgeukia mdogo wangu, maana ndivyo watu wote wanavyogeuka. "Mama," akamwita, na yeye pia anamwita hivyo, "umetuletea kaka yangu."

Mdogo wangu akasema, "Si mimi, baba. Dada ndiye aliyekaa naye, ndiye aliyemrekodi na kumtunza. Mimi nimepangusa vumbi tu."

Wanawake wakanipigia vigelegele mimi. Kitu nilichokitaka tangu nikiwa na miaka minane kilinijia mbele ya ukoo mzima, na nilisimama nacho nisijue mikono niweke wapi. Alijua nilichofanya, na akasema vile, na sauti haikutetemeka. Nikamwonea wivu hata kwa hilo. Mimi nisingeweza.

Jumapili mchana nilimsindikiza hadi mpakani. Nikarudi nyumbani, nikafunga mlango, nikatoa kitambaa juu ya kompyuta. Nilitaka kusikia zile dakika kumi. Nilitaka kujua alicheka nini, na kama baada ya kusema nyumba haina mtu baba aliendelea akanitaja, kwa jema au kwa baya, mara moja tu.

Mafaili yalikuwa arobaini. Nikahesabu kwa ncha ya kalamu. Nikafungua palipofichwa vitu, kama nilivyofundishwa. Hapakuwa na kitu. Nikatafuta kwenye flashi. Hakunakili. Alikata, akahama nalo.

Jumatatu jioni alipiga simu. "Nimefika salama, dada."

"Mungu ni mwema," nikasema. Swali lilikuwa mdomoni kabisa, lina uzito wake. Akangoja, nami nikamsikia anavyongoja.

Nikamuuliza kama mvua zimeanza huko. Akasema bado.