Meno Sita ya Fundi Milele

Mtaa mzima ulimwita Fundi Milele, na jina hilo alijipa mwenyewe. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa akichomelea mageti, madirisha, vitanda na matoroli, na mteja alilisikia sharti lake kabla hata ya salamu: mshono wake haukatwi. Mafundi wengine huanza kwa kugusa chuma hapa na pale, kukishikiza tu, ili wakikosea wakitenganishe. Milele aliuona huo kuwa woga. Yeye akiunganisha, ameunganisha. Na ukitaka kumwona anavimba kichwa, muulize kama kuna kazi yake iliyowahi kurudishwa. "Niletee hapa niione," angekujibu, na hakuna aliyewahi kumletea.

Akimaliza kuchomelea, Milele hula chakula cha mchana na kulala kidogo. Mkewe hubaki karakana akipaka rangi. Ndivyo walivyogawana kazi tangu waoane.

Sasa Ijumaa moja, saa moja na nusu asubuhi, shemeji yake akaja na trekta. Lilikuwa trekta dogo, lenye kijiko mbele cha kubebea mchanga. Shemeji huyu ni mdogo wa mke wa Milele, mtu mpole wa maneno machache, lakini asubuhi hiyo roho yake ilikuwa juu. Watu wa maji walikuwa wamelaza bomba kubwa kando ya barabara, wakatangaza kwamba nyumba itakayokuwa na mtaro uliofika kwenye bomba kabla ya saa sita mchana itaunganishwa. Nyingine zingoje awamu ijayo. Awamu iliyopita ilichukua miaka kumi na mmoja kufika, na mama mkwe wa Milele alikuwa na miaka themanini na miwili na ndoo mbili. Piga hesabu mwenyewe.

"Ardhi ya mama imekaza, shemeji," alisema. "Kijiko kinateleza juu juu, utadhani kinapaka siagi. Nitilie meno."

"Wenye sururu je?"

"Wamekodiwa wote tangu jana."

Milele akatafuta springi kuukuu ya lori, akaikata vipande sita, akavichonga ncha. Mpaka hapo kazi ilikuwa safi, mimi sina neno. Tatizo la Milele ni mapenzi yake ya mstari ulionyooka. Alitaka ncha zote sita zilale sawasawa, na kitu kilichonyooka kuliko vyote pale karakana kilikuwa reli ya zamani aliyoizika nusu kwenye zege la sakafu. Juu ya reli hiyo zilisimama nguzo mbili za paa, alizozichomelea yeye mwenyewe. Akamwambia shemeji ashushe kijiko mpaka mdomo wake ulale kwenye reli, akapanga meno, akavaa kinyago.

Utaniuliza: mtu mwenye akili zake timamu anachomeleaje trekta la shemeji yake kwenye karakana yake mwenyewe? Ni rahisi. Kila jino aliliunganisha na kijiko, kisha, ili lisicheze, akaliunganisha kidogo na reli. Fundi mwingine angeweka doa, akamaliza, akalibomoa kwa nyundo. Milele hajui doa. "Kidogo" yake ni mshono mzima, juu na chini. Saa tatu alivua kinyago, akatazama meno yake yalivyonyooka, akafurahi sana.

"Nyanyua," akasema.

Shemeji akavuta mkono wa kunyanyulia. Trekta likanguruma, zege likalia, na upande mmoja wa karakana ukaanza kupanda. Paa likainuka shubiri mbili. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa humo akingoja kigoda chake akajikuta juani.

"Shusha," alisema Milele kwa upole. "Taratibu. Nguzo zangu hizo."

Shemeji akashuka, wakatazama. Trekta, kijiko, meno, reli, nguzo na paa vilikuwa kitu kimoja.

"Kata," alisema shemeji.

"Mshono wangu haukatwi."

"Shemeji, ni saa tatu na robo."

Milele alizunguka trekta mara mbili, mikono nyuma, akiwa na jasho la mtu anayetafuta njia ambayo haipo. Kisha akatoa uamuzi. Watachimbua reli, waivunje sakafu pembeni, na trekta liende kwa mama mkwe na reli yake, na nguzo zake, na paa lake. Likifika huko litachimba tu, kwani meno si yapo? Alilisema hilo bila kucheka. Akaleta jembe na machepe mawili, wakaanza.

Walichimba karibu saa nzima. Shemeji akasimama, akajifuta uso.

"Jasho hili lote, si tungekuwa tunachimba mtaro wa mama?"

"Hayo ni mambo mawili tofauti," alijibu Milele, akaendelea kuichimbua karakana yake.

Mkewe alirudi saa nne na robo kutoka kumpelekea mama yake chai. Alitazama meno, akatazama reli, akawatazama wanaume wawili waliozama kwenye shimo hadi magotini. Alichukua grenda, akafungua jiwe la kukatia lililochakaa, akafunga jipya bila hata kuangalia mikono yake. Ni hiyo mikono iliyomtia Milele wasiwasi.

"Mama watoto, unafanya nini?"

"Nakata."

"Unajua kabisa mshono wangu—"

"Baba watoto, mama yangu anangoja maji. Leo sina nafasi ya kukusubiri ulale."

Milele aliacha kuchimba.

"Nilale kivipi?"

"Geti la shule ulilichomelea na fremu yake. Lisingefunguka mpaka kiama. Unadhani lilijifungua kwa rangi?"

"Geti la shule?"

"Mara mbili. Ulilirudia ukasema unaliimarisha."

"Na kigoda changu?" aliuliza yule bibi.

"Hicho bado sijakipitia," alijibu mke wa Milele, akawasha grenda.

Milele alisimama pale na jembe lake. Kwanza alipandwa na hasira, maana mtu akivuliwa nguo hadharani hukasirika kabla ya kujifunika. Halafu aibu. Halafu, huku cheche zikiruka, aliona jinsi jiwe lilivyopita katikati ya jino na reli bila kugusa kimojawapo, na akajua kwamba yeye mwenyewe asingeweza. Hilo lilimuuma kuliko yote. Akaweka jembe chini, akaenda kumshikia waya usimnase miguuni.

Saa tano kasoro robo trekta lilitoka. Paa lilibaki limekaa upande. Meno yaliingia kwenye ardhi ya mama mkwe, udongo ukavunjika mabonge mabonge, na mtaro ukaenda, mpana mno, wa kumlaza ng'ombe, lakini ukaenda. Zilipobaki dakika tano ukafika kwenye bomba. Mama mkwe alikuwa mlangoni na hakutaka kuletewa kiti.

Msimamizi wa mabomba alikuja na daftari lake, akaandika namba ya nyumba. Kisha akainama, akapitisha kidole kwenye meno ya kijiko. Majirani walikuwa wamejaa, nusu yao wana mageti ya Milele.

"Kazi nzuri sana hii," alisema. "Fundi ni nani?"

Watu wote wakamgeukia Milele, kama kawaida yao. Masikio yalimwaka moto. Alimtazama mkewe, aliyekuwa akijipangusa vumbi la chuma usoni na wala hangojei lolote.

"Ni huyu," alisema Milele. "Mke wangu."

Alilisema taratibu, na waliosimama nyuma hawakusikia, kwa hiyo akalirudia kwa sauti.