Kipimo na Nusu

Asubuhi niliyoondoka kwetu Usafwa sikuwa na mahali pa kwenda. Shule ya misheni nilikuwa nimeiacha baada ya kujifunza kusoma na hesabu, na kukaa sehemu moja kulinichosha kuliko kutembea. Nilifuata njia iliyoshuka. Nikapita migomba ya Ipinda, ardhi ikawa tambarare na yenye joto, na siku ya nne nikafika Mwaya, bandari ya Wajerumani kwenye Ziwa Nyasa. Pale nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona maishani: mtu anapima ndizi kwenye mizani.

Nilisimama kutazama hadi mpimaji, Mjerumani mwembamba mwenye miwani, akaniuliza ninataka nini. Nikamwambia nataka kujua kwa nini amezimenya kabla ya kuzipima. Akasema ganda halimpi mtu nguvu. Kisha akaniuliza kama najua tarakimu. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya mpimaji wa posho, na nikaanza saa ileile.

Kwa ninyi vijana, posho ilikuwa chakula anachopewa mfanyakazi kila siku. Kwa kawaida ilitolewa kwa kibaba, yaani kikombe cha nafaka, na vibaba vinne vilikuwa pishi moja. Yule Mjerumani, niliyemwita Bwana Daktari, hakupenda kibaba. Alisema kibaba cha mahindi na kibaba cha ulezi havina nguvu sawa, na ndizi haziingii katika kibaba kabisa. Yeye alipima kwa kalori. Alinieleza kuwa hiyo ni hesabu ya joto ambalo chakula hulitoa kikiungua ndani ya mwili, kama kuni katika tanuru la meli. Meli ya moshi ilipokuwa ikipakia kuni gatini, alinionyesha kwa kidole magogo makubwa na vijiti, akaniuliza kipi kitaisukuma mbali. Nilielewa pale pale, na kwa wiki nzima sikuweza kutazama sahani bila kufikiria moto.

Yeye mwenyewe hakula nyama wala samaki. Alikula maharage, karanga zilizopondwa, mtindi, maboga na majani yake, ndizi za kuchoma na viazi. Wenzake kituoni walimcheka mezani, hivyo alikula peke yake barazani kwake. Wapakia kuni walimwita Bwana Majani. Siku moja aliniuliza watu wa kwetu wanakula nini siku wasipokuwa na nyama. Nikamjibu, "Bwana, siku hizo ndizo karibu zote." Alicheka, akaandika.

Alikuwa amebishana na mkuu wa kituo, aliyesema mtu asiyekula nyama hawezi kubeba magogo. Kwa hiyo akapewa kundi moja la watu kumi na wanane ili aonyeshe kuwa inawezekana. Wapasuaji na wabebaji, kwa kuwa kazi yao ni nzito, walipata vipimo vitatu vya ndizi na maharage kila mmoja. Wapangaji, waliopanga kuni tu katika marundo, walipata kipimo na nusu. Kila fungu, likiisha kupikwa, nililifunga katika jani la mgomba na kulitia alama ya mwenyewe. Amri ilikuwa kila mtu ale fungu lake. Kila Jumamosi tuliwapima watu kwenye mizani ya magunia.

Jumamosi ya tatu wapangaji walikuwa wamenenepa. Wabebaji walikuwa wamepungua, na Ambakisye, mkubwa kuliko wote na kiongozi wao, alikuwa amepungua kuliko wote. Daktari alirudia kupima mara mbili. Kisha akanigeukia mimi. Alisema chakula kilikwenda mahali fulani, na mafungu yote hupita mikononi mwangu. Jumatatu angempelekea mkuu wa kituo habari hiyo. Mkuu wa kituo hakuwa mtu wa kuuliza maswali. Aliyepunja posho alilazwa chini na kuchapwa viboko ishirini na tano.

Mimi nilijua chakula kilikokwenda. Watu wale walikuwa rika moja, walijenga kijiji chao wenyewe kama ilivyo desturi ya vijana wa Kinyakyusa, na walikula pamoja. Mchana walifungua mafungu yote, wakamwaga juu ya jani moja kubwa, wakakaa kulizunguka. Mwenye vitatu na mwenye kimoja na nusu walimega sawa. Niliwaona tangu siku ya pili. Nilinyamaza kwa sababu kuvunja amri kulikuwa na viboko vyake, na migongo yao ilikuwa kumi na minane, wangu mmoja.

Jumapili nikaenda kumwambia Ambakisye yaliyonipata. Nilimwomba waanze kula mbalimbali, angalau kwa wiki moja. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni aliyepotea njia.

"Huyu tulichunga naye ng'ombe wa baba zetu," akasema, akimwonyesha mpangaji mmoja aliyekuwa akisuka kamba. "Nikae mbele yake nimwambie yeye ni mtu wa kipimo na nusu?"

"Mwambie tu," yule mpangaji akajibu bila kuinua macho. "Kwa kunenepa mimi nimeshakushinda."

Walicheka wote isipokuwa mimi. Ambakisye akafikiri, akasema nimlete Daktari mchana wa kesho ale nao. Chakula hakina nyama, hana sababu ya kukataa. "Akishakula nasi," akasema, "atamchapa nani?"

Sikuwa na hakika hiyo. Lakini Jumatatu asubuhi, kabla Daktari hajakwenda kwa mkuu wa kituo, nilimwambia kundi linamkaribisha. Akasema atakuja kwanza, kwa mkuu wa kituo angekwenda baadaye. Nadhani tangu avuke bahari hakuna aliyekuwa amemwalika kwa ajili ya chakula anachokila.

Alikuja na daftari. Walimsalimu, "Ugonile," wakampa nafasi. Kisha mafungu yakafunguliwa, yakamwagwa. Nilimwona akisoma alama zangu kwenye majani yaliyotupwa pembeni, moja baada ya jingine. Akauliza kwa nini hawafuati amri.

"Bwana, amri tumeisikia," Ambakisye akasema. "Ila mtu akila peke yake na wenzake wapo, sisi tunajua ana jambo baya moyoni. Karibu, ndizi zinapoa."

Daktari aliwatazama walivyolizunguka jani; nadhani aliikumbuka baraza yake. Akaweka daftari chini, akanawa, akamega. Alikula sana kwa mtu mwembamba. Alipomaliza akalichukua tena daftari, akapiga hesabu, akaniambia, "Wewe hukukosea. Nimepima watu. Ilinipasa kupima jani."

Toka siku hiyo tuliongeza maharage na karanga juu ya jani mpaka Ambakisye aliposema ameshiba, na hicho ndicho kikawa kipimo cha wote. Jumamosi iliyofuata mizani ilipanda. Mkuu wa kituo hakuambiwa neno.

Baadaye nilipima posho Tukuyu, Matema na kwingine, chini ya mabwana wa kila namna, hadi macho yalipokataa kusoma mizani. Sasa nimestaafu, na ninyi mnafundishwa kalori kwa majedwali yaliyochapwa vizuri. Ni elimu ya kweli, ishikeni. Ila kabla ya kugawa, ulizeni watu wale wanakula na nani.

Jumatatu ile Daktari alipokula nao, jua lilikuwa bado juu nilipomkuta Ambakisye mlangoni mwa ghala, ambako nilikuwa nikilala juu ya magunia. Alikuwa amekwisha kukunja mkeka wangu. "Ndaga," akasema, yaani asante, akautia kwapani na kutangulia. Nyumba yao ilikuwa ya mianzi, imefagiliwa, kati ya migomba. Akanionyesha pa kulala, kisha akaniambia nisogee ukutani kidogo, kwa sababu mwenye kulala hapo katikati ndiye yule mpangaji aliyenenepa.