Nafasi Mbili Baada ya Nukta

Sukai Jobe alikuwa karani wa shule moja ya sekondari pale Latrikunda, mjini Serekunda, na kwa miaka minne hakuna mtu mtaani aliyejua kwamba ndiye mwandishi wa blogu ya "Uani Kwetu". Hata shangazi yake Ndumbeh, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa, alidhani Sukai huchelewa kurudi kila Jumanne kwa sababu ya mwanamume. Alishaanza kumuuliza huyo bwana anafanya kazi gani.

Blogu yenyewe ilianza kwa mapishi. Sukai aliandika jinsi ya kupika benachin, wali na samaki chungu kimoja, na mwanamke mmoja aliyeishi Bristol, Kumba Touray, akaandika chini yake kwamba wali wake kila siku unaungua. Sukai akamjibu, "Dada, umesahau kupika au umesahau kwenu?" Watu wakacheka. Wiki mbili baadaye Kumba akamwandikia kwa siri: mama yake wa Bakau hapokei simu siku ya tano sasa, je, kuna mtu anaweza kwenda kumchungulia tu? Sukai akaenda Jumapili. Akamkuta bibi mzima wa afya, anachambua mchele, simu imemtumbukia kisimani.

Kisa hicho kilipotoka kwenye blogu, habari ya kisima ikibaki siri yake na Kumba, maombi yakamiminika. Dereva wa teksi wa Atlanta alitaka kujua kama kaburi la baba yake limejengewa. Muuguzi wa Oslo alitaka mtu amwambie mdogo wake arudi shule. Mwalimu mmoja aliyekimbilia Dakar hakutaka chochote, alitaka tu kusimuliwa mvua ya Serekunda. Baadaye nao wakaanza kuandika humo, kila mtu na habari za kwake, wakawa wanaitana watu wa uani. Sura ya Sukai hakuna aliyeijua. Jina lake alilijua Kumba peke yake.

Kisha kaka wa yule muuguzi wa Oslo akachukuliwa. Alisema neno kwenye mkutano wa wafanyakazi wa bandari, na kesho yake gari lisilo na namba likasimama mlangoni kwake. Miaka ile mambo hayo yalikuwa yakitokea, na watu walijifunza kutouliza. Sukai alikwenda kumwona mama yao. Hakuandika siasa. Aliandika habari za bakuli tu: jinsi yule mama anavyopika kila asubuhi, anavyolipeleka bakuli kwenye geti la kijani la mahabusu, jinsi walinzi walivyolipokea siku kumi na moja na kulirudisha tupu, na jinsi siku ya kumi na mbili walivyolikataa bila kumwambia kwa nini.

Habari ile ilisambaa kuliko zote. Redio ya ng'ambo ikaisoma hewani. Sukai aliisikia akiwa dukani ananunua sabuni; maneno yake mwenyewe yanatoka kwenye redio ya muuzaji, naye akaegemea magunia ya mchele.

"Huyo aliyeandika," muuzaji akasema huku akipunguza sauti ya redio, "ana roho ngapi?"

Jumatano iliyofuata wanaume wawili walifika shuleni. Mmoja mrefu, anatafuna ubani. Mwingine mfupi wa miwani, mpole, ndiye aliyekuwa akisema. Walikwisha kujua habari ile imetumwa kutoka duka la intaneti la barabara ya shule, wakawa wanapita ofisi kwa ofisi.

"Hapa akina nani wanachapa?" mfupi akamuuliza mkuu wa shule.

"Wawili tu. Huyu binti, na mhasibu wetu, Mwalimu Saidy."

Mwalimu Ousainou Saidy alikuwa na miaka sitini na tatu. Kabla ya kuwa mhasibu alifundisha upigaji chapa kwa mashine za zamani, na Sukai alikuwa mwanafunzi wake. Ndiye aliyemfundisha kuandika tarehe kwa maneno, si kwa tarakimu, na kuacha nafasi mbili baada ya kila nukta. "Sentensi iliyokwisha ipumzike," alikuwa akisema.

Wakakalishwa kila mmoja na kompyuta yake. Yule mfupi akatoa karatasi mfukoni, akaanza kusoma. Yalikuwa maneno ya Sukai. "Mama aliamka kabla ya adhana, akapepeta mchele..." Kila neno alilijua kabla halijatamkwa. Vidole vyake vilitaka kukimbia mbele. Akavizuia, akawa anangoja kila sentensi kama mtu asiyewahi kuisikia. Penye nukta aligusa kitufe cha nafasi mara moja tu. Tarehe akaiandika kwa tarakimu. Akakosea maneno mawili kwa makusudi, kisha akaogopa kwamba kukosea kwenyewe kutamchongea.

Mezani upande wa pili Mwalimu Saidy alichapa bila kutazama vidole, mwepesi, mgongo umenyooka. Mzee alikuwa anaringa. Hakuwa na la kuficha.

Karatasi zikatolewa kwenye mashine ya kuchapia, zikalazwa kando ya ile ya blogu. Mrefu akaacha kutafuna. Mfupi akaweka kidole penye nukta ya kwanza ya Mwalimu Saidy, kisha ya pili, kisha kwenye tarehe.

"Mzee," akasema kwa upole uleule, "twende kidogo."

"Wapi?"

"Si mbali."

Mwalimu Saidy alivaa kofia yake. Akapanga risiti zake, akageuka kumtazama Sukai. "Binti, funga kabati," akasema. Wakatoka naye. Sukai alibaki ameshika ufunguo. Neno moja lingetosha kumrudisha yule mzee. Hakulisema.

Siku tatu alichokula hakikukaa tumboni. Siku ya nne alikwenda hadi Bakau, kwenye duka la intaneti ambako hajulikani, akamwandikia Kumba: "Wamemchukua mwalimu wangu badala yangu, kwa sababu ya nafasi mbili baada ya nukta. Naacha kuandika."

Jibu lilikuja papo hapo. "Ukiacha sasa umemzika. Blogu ikinyamaza wiki hiihii aliyokamatwa, watasema tumempata mwenyewe."

"Wewe uko Bristol unakunywa chai," Sukai akaandika kwa hasira. "Mimi kila gari likipunguza mwendo napoteza pumzi."

"Kweli. Sina la kujitetea. Ningeweza kukuandikia mimi, lakini watajua ni mtu wa nje. Lazima awe mtu anayejua kilichosemwa pale getini juzi. Na lazima aache nafasi mbili."

Sukai alifuta kila kitu, akatoka. Nyuma yake kulikuwa na mwanamume amevaa shati la bluu. Akavuka barabara, shati la bluu likavuka. Akaingia kwa muuza vitambaa, akasimama kati ya majora akijifanya anachagua, mpaka yule mtu alipompita akienda zake na mkate chini ya kwapa. Alikuwa mtu tu anayerudi kwake. Sukai akaketi kwenye sakafu ya duka la watu akalia.

Jioni ile shangazi Ndumbeh alimkuta anatapika uani. "Sukai, una mimba?"

"Sina, shangazi."

"Basi niambie, maana nyumba hii haina ukuta wa kuficha kitu."

Akamwambia. Yote, tangu mapishi mpaka kabati. Shangazi alifungua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya.

"Kwa hiyo hakuna mwanamume?"

"Hakuna."

"Afadhali angekuwepo," shangazi akasema. Kisha akainuka kwenda kuangalia kama karanga za mchuzi wa kesho zinatosha.

Asubuhi alipika domoda, ule mchuzi wa karanga, akalifunga bakuli kwa kitambaa, akaenda kwenye geti la kijani pamoja na mke wa Mwalimu Saidy. Akaenda tena kesho yake, na keshokutwa. Kusoma hakujua, lakini masikio alikuwa nayo. Wanawake waliosubiri pale getini walimwambia majina ya watoto wao na waume zao, na siku kila bakuli lilipokataliwa, naye akarudi nayo kichwani, akayatapika yote mbele ya Sukai kabla hajavua viatu. Majina tisa. Sukai aliyaandika kwa herufi ndogo kwenye karatasi nyembamba.

Kutuma kutoka mjini kusingewezekana tena. Jumamosi alijitia ni mfanyabiashara wa ng'onda, akabeba kapu, akavuka mpaka wa Seleti hadi Ziguinchor, upande wa Senegal. Huko aliketi kwenye duka la intaneti akaandika mambo ya wiki ile: mlinzi alisema nini Jumatatu, mama yupi alizimia Alhamisi. Tarehe kwa maneno. Nafasi mbili baada ya nukta. Watu wa uani walikuwa wanangoja; kabla hajamaliza kulipa, Atlanta, Oslo na Dakar walikwisha kuipeleka kila mahali.

Mwalimu Saidy hakuachiwa. Mara moja haikutosha.

Jumamosi ya pili alikuta kizuizi kipya kabla ya mpaka. Abiria walishushwa, wakapangwa mstari. Askari kijana mwenye bunduki begani alikuwa anapekua mizigo, na karatasi ya Sukai ilikuwa chini ya kapu, katikati ya samaki, ndani ya mfuko wa nailoni. Kurudi nyuma hakukuwezekana.

"Jina?"

"Sukai Jobe."

Askari akainua uso. "Jobe! Kumbe ndiyo maana gari zima linanuka. Mimi ni Njie."

Pale kwao akina Jobe na akina Njie ni watani tangu enzi za mababu, na mtani asipojibiwa hujua kuna jambo. Wote mstarini walikuwa wanasikiliza, wanangoja.

"Njie?" akasikia sauti yake ikisema. "Nani amempa mtumwa wangu bunduki?"

Mstari mzima ukaangua kicheko. Askari naye akacheka, akapiga paja. "Haya, bibi mkubwa, mtumwa ana njaa. Tangu lini Jobe akatembea na samaki bila kuwamaliza njiani?" Akatumbukiza mkono kapuni. Sukai aliutazama ule mkono ukishuka, ukipekua, ukiingia hadi kwenye kiwiko. Mkojo ukamponyoka kidogo, akabana mapaja.

Mkono ukatoka na ng'onda wawili, wale wakubwa.

"Hii ni kodi ya utumwa wangu."

"Chukua," Sukai akasema. "Na shukrani huna, kama babu yako."

Alitembea hatua mia moja hivi bila kugeuka. Alipofika nyuma ya kibanda cha forodha cha upande wa pili, akakaa chini kwenye mavumbi, kapu mapajani. Hajui mpaka leo kama yule askari alihisi ule mfuko wa nailoni.

Habari ya Jumamosi ile ilitaja majina yote tisa, na jina la kumi, la mhasibu mzee ambaye, iliandikwa, amefungwa kwa kosa la kujua kuchapa. Siku ya kumi na tisa tangu akamatwe, Mwalimu Saidy aliachwa kando ya barabara, hana viatu. Kati ya wale tisa wengine waliachiwa watatu. Waliobaki hawakuonekana tena mwaka ule.

Siku kadhaa baadaye mzee alikuja kwa shangazi Ndumbeh, mchana, akitembea polepole. Mkono wa kulia umefungwa bendeji. Shangazi alimwekea kiti na chai, akajitia ana kazi jikoni.

"Mwalimu," Sukai akaanza, akashindwa. Akapiga magoti. "Ningesema siku ile..."

"Ungesema wangekuwa na watu wawili. Inuka." Akanywa chai kwa mkono wa kushoto. "Nilijua tangu mwaka wa kwanza. Mke wangu alinionyesha blogu. Nani mwingine nchi hii bado anaandika tarehe namna ile? Pale mezani alipoanza kusoma, nilikwambia kwa moyo: binti, bonyeza mara moja tu."

"Mwalimu, ulifanya makusudi?"

Mzee aliweka kikombe chini. Aliitazama mikono yake. "Wameniuliza nimefundisha nani," akasema baadaye. "Niliwapa majina ya marehemu. Yatakwisha. Ondoka wiki hii."

Aliondoka Alhamisi na kapu lilelile. Shangazi alikataa kumsindikiza hata mlangoni. Alisema akimsindikiza mtaa utajua. Alijifungia chumbani akawasha redio kwa sauti kubwa.

Ziguinchor Sukai alipata kazi ya kuchapa barua kwa shirika la wakulima. Blogu ikaendelea, sasa ina waandishi kumi na mmoja. Hofu haikubaki upande wa pili wa mpaka, alihama nayo. Alibadilisha njia ya kwenda kazini kila siku, na jirani akigonga mlango alingoja agonge tena.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Desemba, mwanamke mmoja mnene mwenye koti zito lisilofaa kwa joto lile alisimama kwenye uzio wake akaita, "Sukai! Ni mimi, Kumba!"

Sukai hakufungua. Alisimama nyuma ya mlango, kiganja kimebana komeo. Sauti hiyo hakuwahi kuisikia. Yeyote angeweza kujiita Kumba.

"Simu ya mama yako ilikuwa wapi?" akauliza kupitia ufa.

Yule mwanamke akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio hata maneno hayakusikika vizuri.

"Kisimani," akasema. "Ilikuwa kisimani. Fungua, dada, nimechoka."

Sukai akafungua komeo. Alichungulia barabara kwanza, kushoto na kulia, ndipo akamkumbatia.