Mtoto wa Mwalimu Taratibu

Mwalimu wa liturujia pale chuo cha wachungaji, ambaye wanafunzi wamembandika jina la Taratibu kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni, hufundisha ubatizo kwa mfuko wa mchele uliofungwa shali nyeupe badala ya mtoto mchanga. Huutoa ofisini mwenyewe, ameulaza begani, kiganja kimekinga kichwa, na akivuka uwanja hupita upande wenye kivuli. Vijana humcheka chini chini.

Siku ya zamu yake, kijana wa mwaka wa mwisho hakuwa na kicheko. Mwezi ujao angewekewa mikono awe mchungaji, na tangu asubuhi viganja vyake vilikuwa vinatoka jasho. Taratibu alisimama mbele yake kama baba mzazi, akamkabidhi mtoto. Kijana akachota maji. "Kwa jina la Baba," akasema, akachota tena, "na la Mwana," na hapo mkono wa kushoto ukateleza. Mfuko ukaanguka sakafuni kwa kishindo, darasa likaangua kicheko.

Taratibu hakucheka wala hakukaripia. Alipiga magoti, akauokota, akakung'uta vumbi, kisha akapapasa upande wa kichwa kwa vidole viwili, bila haraka, mpaka kicheko kikakatika chenyewe.

"Mpokee, mwanangu."

"Mwalimu, nitamwangusha tena."

"Basi mpokee taratibu. Mama yake anakutazama."

Kijana akageukia benchi la mbele. Halikuwa na mtu, lakini alishindwa kulitazama mara ya pili.