Uso wa Gyoza

Saa nne asubuhi ilimkuta Jicho amepiga magoti juu ya kreti la soda, na gyoza za sahani ya tatu zilikuwa zimeanza kumharibikia. Vifuko hivyo vya unga vya Kijapani, vyenye kabichi na kuku wa kusaga tumboni, vina dakika nne tu za uzuri. Zikipita hizo, ngozi husinyaa kama vidole vilivyokaa sana kwenye maji ya kufulia. Jicho alichovya brashi kwenye mafuta ya ufuta, akapaka ile mikunjo aliyoigeuzia juu, iliyofuatana kama marinda ya sketi ya shule, kisha akavuta kidogo shuka nyeupe aliyoibana dirishani kwa vibanio vya nguo ili kupunguza ukali wa jua.

"Shemeji, unazipiga picha au unazibembeleza?" aliuliza mwenye mgahawa, mume wa mdogo wake, akipita na ngazi begani.

"Nazibembeleza. Zinasikia kuliko wewe."

Shemeji alicheka. Mgahawa ulikuwa ufunguliwe baada ya wiki tatu, na menyu ilikuwa na vyakula thelathini na viwili, vyote kazi ya Jicho. Alichungulia kioo cha kamera, akaona gyoza nyeupe, zinang'aa. "Hapo sasa! Hii ndiyo itakayokaa ukurasa wa mbele."

Jicho alikuwa na miaka ishirini na mmoja katika kazi hiyo. Jina lenyewe alilipata enzi za picha za pasipoti, alipokuwa akimwambia mteja waziwazi ni jicho lake lipi dogo kuliko jingine. Simu zilipomnyang'anya nyuso za watu, alihamia kwenye chakula, na huko alijiwekea sheria moja: kila kilichomo kwenye sahani kiwe cha kulika, na picha ikiisha, akile yeye mwenyewe. Sheria hiyo hakuzaliwa nayo. Zamani, kwenye hoteli moja, alimpaka kuku nusu mbichi rangi ya viatu ya kahawia ili aonekane ameiva, akamaliza, akaenda zake. Mwosha vyombo akamfunga yule kuku kwenye mfuko awapelekee wanawe. Harufu ya rangi ndiyo iliyomshtua, akiwa tayari kituo cha basi. Kesho yake alimuuliza Jicho swali moja tu: "Dada, ulidhani chakula hiki kinakwenda wapi?" Jicho alitupa kopo la rangi, na hakununua jingine.

Sasa mpishi wa gyoza alitoka jikoni na sahani ya nne. Alikuwa mwanamke mfupi, mzito wa maneno, aliyekaa miaka sita chini ya mwalimu wa Kijapani ambaye alikuwa akirudisha sahani nzima kwa sababu ya mkunjo mmoja. Aliitazama picha kwenye kamera, akaitazama tena.

"Dada," alisema, "kazi yote hii umempiga mtu kisogo."

"Kisogo gani?"

"Hicho. Mikunjo ni kisogo. Gyoza uso wake uko chini, pale ilipokaangwa. Mezani inaletwa imegeuzwa, uso juu."

Jicho alihisi masikio yakipata moto. Alitaka kusema kwamba yeye ndiye mpiga picha, kwamba mikunjo ndiyo inayopendeza, kwamba amekuwa na kamera tangu huyu mama akiwa hajui kushika mwiko. Yote yalifika ulimini. Akayameza.

"Nionyeshe," alisema.

Jikoni, mpishi alizipanga gyoza kumi na mbili kwenye kikaango, duara, zimeshikana mabega. Akamwaga maji yaliyokorogwa na unga kidogo, akafunika. Mvuke ulipiga kelele chini ya kifuniko, ukapungua, mpaka ikabaki sauti kavu ya kuchakacha. Hapo mpishi akafunua, akaweka sahani juu ya kikaango na kuvigeuza vyote kwa mkupuo mmoja. Jicho alisogea. Gyoza zote zilikuwa zimeungwa na utando mwembamba wa kahawia, wenye vitundu kama kitambaa cha kufuma, na pale katikati umekolea rangi ya mkate uliotoka tanurini sasa hivi.

"Na mimi nikaificha hii asubuhi nzima," alisema Jicho.

Hakupoteza muda. Alihamisha meza ili jua liingie kutoka ubavuni, akashuka mpaka lenzi ikawa sawa na ukingo wa sahani, akamwomba mpishi amegue gyoza moja ili wembamba wa utando uonekane. Picha ya sita ndiyo ilikuwa yenyewe. Ukiitazama unausikia ule mchakacho.

Shemeji aliitazama, sura ikamshuka.

"Zimeungua hizo."

"Zimeiva," alisema mpishi.

"Mama, mimi sili kwa nadharia. Mteja akiona weusi anafunga menyu. Shemeji, rudi kwenye zile nyeupe. Tena zitiwe pamba ndani zinenepe, na hii hapa juu zing'ae." Akaweka mezani kichupa cha oili ya gari.

"Na mteja akiagiza nyeupe, akaletewa za kahawia?" aliuliza mpishi. "Sahani itarudishwa kwangu, si kwako."

"Utamweleza."

"Niache moto nikamweleze kwamba menyu yako inadanganya?"

"Nyie wawili mmekula njama?" Shemeji alitoa simu, akampigia mkewe, akaweka sauti ya wazi. "Zungumza na dada yako. Ananiharibia mgahawa."

"Dada," ilisema sauti ya mdogo mtu, imechoka kabla ya kuanza, "si unga tu huo? Mpe anachotaka. Nitakaa vipi humu ndani na ninyi mmenuniana?"

Hilo lilimchoma Jicho. Mdogo wake alikuwa amemwombea yeye kazi hii kwa mumewe, wiki mbili mfululizo. Kuna watu wanaodhani uongo wa picha si uongo kwa kuwa picha haina mdomo. Jicho aliwahi kuwa mmoja wao, na alijua walikoishia.

"Mdogo wangu, ningekupa kitu changu chochote," alisema. "Hiki si changu. Ni cha yule atakayeketi hapa na njaa yake na kuamini alichoonyeshwa."

Akachukua kamera. Mbele ya macho ya shemeji akaanza kuzifuta zile picha nyeupe, moja baada ya nyingine, bila haraka.

"Unafanya nini? Hizo ni zangu!"

"Hizo ni makosa yangu, shemeji. Makosa yangu siyagawi." Alipofuta ya mwisho akavuta kiti, akaketi mbele ya sahani. "Imebaki picha moja ya chakula hiki. Ukiitaka, chukua. Usipoitaka, chora."

Akaanza kula. Shemeji alisimama amekunja mikono. "Karibu," alisema Jicho, mdomo umejaa. Hakukaribia. Jicho alikula gyoza zote kumi na mbili, akafuta vidole, akakunja shuka yake, akatoka na kreti lake. Vyakula thelathini na kimoja vilivyobaki alipewa mtu mwingine.

Wiki tatu baadaye mdogo wake aligonga mlango wa studio ya Jicho, akaibwaga menyu mezani. Kila chakula kilikuwa na picha, kinang'aa kupita kiasi. Penye gyoza palikuwa na mraba mtupu, mweupe, na jina chini yake.

"Mpishi amekataa kumpikia mpiga picha mpya kisogo juu," alisema. "Mume wangu naye amekataa kuweka ile yako. Watu wanauliza kama tumesahau. Umefurahi sasa?"

Jicho alipitisha kidole juu ya ule mraba. Haukuwa na uongo hata wa ncha ya sindano.

"Nimefurahi," alisema, na hakuwa akitania. "Keti, mdogo wangu. Nuna ukiwa umeketi."